Kiwiko cha mwalimu kwenye video ya watoto

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Morogoro. Msimu wa maembe uliopita nilitunga wimbo na watoto wangu, tukaurekodi studio, wazazi wakachanga, tukamlipa kijana mmoja atushutie video. Hawa watoto wakicheza wakati wa mapumziko utacheka mpaka ushike mbavu, lakini kwenye video wamesimama kama wanapigwa picha ya pasipoti. Nikifungua video za wale watoto wa Kampala, natabasamu kabla hata wimbo haujakolea. Tatizo ni kamera? Ni hela? Au watoto wa wenzetu wana kipaji kuliko wa kwetu? Nimekutumia video yetu uiangalie. Tafadhali usinionee haya.

JIBU: Marahaba mwalimu, ingawa kwa sauti niliyoisikia ikihesabu "moja, mbili, tatu, haya!" kabla wimbo haujaanza, nadhani umri wetu unalingana. Tuache hilo.

Nimeiangalia video yenu mara tatu. Mara ya kwanza niliangalia kama mtu mwingine yeyote. Mara ya pili nilizima sauti, na hivyo ndivyo ninavyofanya kwa kila video ya muziki inayopita mikononi mwangu, maana wimbo mzuri huficha madhambi mengi ya picha. Wimbo wenu ni mzuri, kwa hiyo ulikuwa unaficha mengi. Mara ya tatu niliangalia macho tu.

Watoto ni 14, mistari miwili, masweta ya shule, ukuta wa darasa nyuma yao. Macho yote 28 yanatazama mahali pamoja, na mahali hapo si kwenye kamera wala si kwa mwenzake. Ni pembeni, kushoto, juu kidogo. Nikajiuliza kuna nini pale. Sekunde ya 41 nikapata jibu: kiwiko kinachungulia kwenye kona ya picha, kina bangili mbili na ncha ya mkono wa kitenge, kinapanda na kushuka. Ni wewe, mwalimu. Umesimama kando ya mpiga video unawaonyesha mikono iende wapi. Watoto wale hawachezi wimbo wa maembe. Wanakunakili wewe, nusu biti nyuma yako, kama darasa linaloandika imla.

Kamera haina kosa basi, hela haina kosa, na watoto ndio kabisa hawana kosa. Mtoto humtazama mwenye kauli. Akisimama mtu mzima anayeamuru, macho yatakwenda kwake, mwili utafuata macho, na kile kinachokuchekesha wakati wa mapumziko kitabaki kule kule uwanjani.

Lakini kuna kitu kingine nilikiona, na ndicho kilichonifanya nikujibu kwa urefu hivi. Dakika ya pili na sekunde chache, mvulana wa mwisho kulia, mstari wa nyuma, anaruka na kiatu kinamvuka. Anaangalia chini. Anaona soksi yake. Anasahau mikono, anasahau wimbo, anakusahau hata wewe, na uso wake unaanza kufunguka. Binti aliye jirani yake naye anainamia kuangalia. Halafu picha inakatwa. Mhariri ameona kosa, amelitoa, imebaki kama nusu sekunde. Mwalimu, nimeirudia hiyo nusu sekunde zaidi ya hizo mara tatu. Kwenye video nzima ya dakika tatu na ushee, pale ndipo penye watoto. Tutarudi kwa mvulana huyu.

Sasa hao wa Kampala. Nadhani unazungumzia Ghetto Kids, kundi la watoto wacheza dansi, na inawezekana video iliyokukamata ni ile ya Sitya Loss ya mwaka 2014. Wimbo ni wa Eddy Kenzo, mwanamuziki wa Uganda ambaye mwenyewe utoto wake ulipitia mitaani, na jina la wimbo kwa Kiganda ni kama kusema "siogopi hasara". (Mwenye sikio atasikia humo ile "kucha" yetu ya kumcha Mungu.) Katika video hiyo watoto wanacheza nje, juu ya ardhi tupu, na jukwaa hakuna. Video ilizunguka dunia kwa simu za watu, na mwaka uliofuata Kenzo akachukua tuzo ya BET kule Marekani, ile ya msanii mpya wa kimataifa inayopigiwa kura na watazamaji. Mwaka 2017 watoto wa kundi hilo wakaonekana kwenye video ya wimbo wa Unforgettable ya rapa wa Marekani French Montana, iliyoshutiwa Uganda, ambayo imeshatazamwa zaidi ya mara bilioni moja YouTube. Mwaka 2023 wakaenda Uingereza kwenye shindano la Britain's Got Talent. Jaji Bruno Tonioli alishindwa kusubiri wamalize, akabonyeza kile kitufe cha dhahabu kinachomvusha mshindani moja kwa moja wakiwa bado wanacheza, na wakafika fainali.

Unaona mwendo huo? Kuanzia mtaani hadi jukwaa la taa. Nitakwambia maoni yangu na wengine watanipinga: kwa ufundi, wale wa 2023 ni hatari, hakuna mguu unaopotea. Lakini nikitaka kutabasamu mimi narudi kwenye ile ya 2014. Narudi kwa moyo mzito kidogo pia, kwa sababu mmoja wa wavulana wale alifariki mwaka 2015 akiwa bado mdogo, na ukishajua hilo, kuna kipande cha ile video huwezi tena kukitazama ukicheka tu.

Kwa nini tunatabasamu? Nimeshuti watoto kwa miaka mingi na bado najiuliza. Sehemu moja ninayoiamini ni hii: mtoto anayecheza dansi anaigiza ukubwa. Anachukua maringo ya mtu mzima, lile bega la dereva wa bodaboda, kile kiuno cha shangazi harusini, ile shingo ya baba akisikiliza taarifa ya habari, anavivaa kama anavyovaa viatu vya mama yake. Vinampwaya. Tunacheka kwa sababu tunajiona sisi wenyewe tumepunguzwa saizi. Sehemu ya pili ni kwamba hawalingani. Tazama watoto watano wakicheza mtindo mmoja: mmoja amewahi, mmoja amechelewa, mmoja ameongeza cha kwake, mmoja anamwangalia mwenzake aone kama ameona. Huyo wa mwisho ndiye dhahabu. Mtazamo wa mtoto kwa mtoto mwenzake, ule wa "umeniona?", hauwezi kufundishwa wala kununuliwa.

Na hapa ndipo sisi Watanzania tuna jambo letu. Tumelelewa kwenye halaiki. Mimi mwenyewe nimecheza halaiki nikiwa darasa la tano, fulana nyeupe, kitambaa shingoni, tukapigwa jua wiki nzima kwa ajili ya dakika chache mbele ya viongozi. Siidharau. Ukikaa jukwaani uwanja wa Uhuru au Amaan ukaona mamia ya watoto wanageuka kwa pamoja wakawa bendera, mwili unasisimka. Lakini halaiki imetengenezwa itazamwe kwa mbali, na ukiwa mbali huoni uso. Kamera inakuja karibu, umbali wa mkono. Ukileta mazoezi ya halaiki kwenye lenzi iliyo karibu, unachokiona ni watoto wanaohesabu. Mahafali ya chekechea ni hivyo hivyo: mistari, mwalimu mbele ya jukwaa akiruka kuliko watoto wenyewe, wazazi wote wamesimama na simu juu, na mtoto mmoja katikati anayelia. Tumezoea kuamini kwamba mtoto aliyefundishwa vizuri ni yule anayefanana na mwenzake. Kwenye gwaride, sawa.

Usinielewe vibaya ukadhani nasema watoto wasifanye mazoezi. Hao wa Kampala wanafanya mazoezi hasa. Kinachokudanganya ni kwamba mazoezi yao yameshaingia mwilini, na kichwa kiko huru kufanya utundu. Swali lako la kipaji linaishia hapo. Mtoto wa Morogoro anayejua rede anakwepa mpira mbele na nyuma huku akizozana na nani katoka na nani hajatoka. Hiyo ni dansi tayari. Hakuna mwalimu aliyemfundisha. Alifundishwa na mtoto aliyemzidi mwaka mmoja.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeanza upya hivi. Wimbo usiufundishe tena. Wapelekee watoto wa darasa la tatu, wale wenye midomo, uwaambie: "Wafundisheni wadogo zenu, nyie ndio mnaujua." Kisha ondoka. Baada ya wiki mbili wimbo utakuwa umeshaharibiwa kwa namna nzuri: maneno mawili yamebadilika, kuna makofi mahali ambapo hukuyaweka, kuna mtoto amepewa kazi ya kuwa mwembe na wengine wanamtikisa. Usiwasahihishe. Umeshapata video yako hapo, kilichobaki ni kuichukua. Wimbo wa Ukuti wa mnazi haukuandikwa kwenye silabasi na umevuka vizazi, kwa sababu ndani yake kuna kamchezo kenye kuinuka, kutetemeka na kuanguka. Wimbo wenu wa maembe nao unahitaji kuanguka mahali fulani.

Siku ya kushuti, neno moja marufuku: "changamkeni!" Na ndugu yake, "chekeni!" Kumwambia mtoto acheke ni kama kumwambia mtu mzima alale usingizi sasa hivi. Atafumba macho, basi. Mtoto mpe kazi. "Vuka kutoka hapa mpaka pale bila kuangusha embe kichwani, na wimbo ukifika kwenye kiitikio geuka." Au wimbo usimamishwe ghafla na wote wagande, atakayetikisika ametoka. Akili yake ikishikwa na kazi, uso unajisahau. Embe likianguka, na litaanguka, kamera isizimwe.

Hili nililijua kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma nilipewa kazi ya kushuti watoto wapatao kumi pwani. Bajeti ilikuwepo kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikajiona dairekta kweli, nikanunua nguo nyeupe kwa wote, kaptura na magauni, ufukwe mweupe, bahari ya bluu, kichwani picha ilikuwa peponi. Nilichosahau ni kwamba kila mtoto alikuja na mama, na kila mama, kabla hajamwachia mkono, alimnong'oneza maneno yale yale: "Usichafue." Basi. Kuanzia asubuhi mpaka saa saba mchana nilikuwa na watoto kumi waliosimama wamepanua mikono kidogo kando ya mwili, kama mtu aliyetoka kupaka rangi kucha. Nikawabembeleza, nikaimba, nikaruka mimi mwenyewe kama chura. Wapi. Saa saba tukala wali na maharage, mama wakawavua nguo nyeupe ili zisipate madoa, wakawarudishia za nyumbani. Kabla sijamaliza sahani yangu walikuwa wanarushiana mwani. Nikamwambia kijana wa spika apige wimbo taratibu, bila kutangaza chochote, nikachukua kamera nikakaa mchangani. Dakika 40. Video iliyotoka, karibu yote imetokana na hizo dakika 40. Nguo nyeupe zilionekana sekunde nne, na hizo niliziweka kwa ajili ya aliyelipa.

Nimesema nikakaa mchangani, na hapo ndipo pengine kijana wenu alipokosea kiufundi. Alishuti amesimama. Mtoto wa miaka sita akipigwa picha na mtu mzima aliyesimama anakuwa utosi na paji la uso, anaonekana amepungukiwa. Kamera ishuke mpaka macho yake, ambayo kwa mtu mzima ni usawa wa kitovu. Mimi nina ndoo ya lita 20, naigeuza nakalia, imeshanisaidia kuliko vifaa vingi nilivyonunua kwa mkopo. Halafu miguu ionekane. Nashangaa sana watu wanaoshuti dansi kuanzia kiunoni kwenda juu. Vumbi linaloruka chini ya nyayo ni nusu ya raha yenyewe. Na shoti, yaani kipande kimoja cha picha kabla hakijakatwa, ikae. Kwenye video yenu nimehesabu, picha inakatwa kila baada ya sekunde mbili, mbili na nusu. Vijana wa siku hizi wanadhani kukata haraka kunaleta uchangamfu. Kunaleta kizunguzungu. Utundu wa mtoto una mwanzo, una kati, una ule mtazamo wa mwisho wa kuangalia kama umeonekana. Ukikata kabla ya mtazamo umetupa karanga ukabaki na ganda. Mstari mzima wa wimbo uishe kabla hujakata, ndipo uhame.

Spika nayo iwe kubwa. Kodini ya harusini kama inawezekana. Kale kaspika ka mfukoni kanatoa maneno tu, na mtoto hachezi maneno, anacheza besi inayomgonga tumboni.

Kuna ujanja mmoja nitakupa kwa sababu watoto wanaupenda. Zile picha ambazo mtu anaruka kama anaelea, lakini mdomo wake unafuata wimbo sawasawa, zinafanywa hivi: kamera inarekodi fremu, yaani picha moja moja, 50 kwa sekunde, na wimbo unapigwa pale kwa kasi mara mbili. Watoto wanaimba na kucheza haraka haraka kufuata. Nyumbani mhariri anapunguza picha ziende fremu 25 kwa sekunde, mwendo unakuwa nusu, midomo inarudi kwenye wimbo wa kawaida, na mwili unaelea. Uzuri wake mwingine ni kwamba wimbo ukipigwa kwa kasi hiyo sauti inakuwa ya panya, na watoto wakisikia sauti zao wenyewe zimekuwa za panya hawahitaji kuambiwa wacheke. Tumia mara moja, mbili. Mwendo wa polepole ukizidi unaua ile chachu ya mtoto, anageuka tangazo la benki.

Mwanga wa Morogoro hauna haja ya kununuliwa. Anzeni saa kumi na nusu jioni, jua limelala, Uluguru iko nyuma inapendeza bila kuombwa. Saa sita mchana jua la utosini linawachimbia watoto mashimo ya macho. Ila mjipange, maana ikifika saa kumi na mbili na nusu giza halisubiri mtu. Nusu saa ya kucheza, maji, embe, mapumziko, nusu saa nyingine, imetosha. Mtoto akichoka amechoka, haamshwi kwa soda.

Na wewe ukae wapi? Hili nimelifikiria zaidi kuliko mengine. Ukiondoka kabisa watoto wadogo wataingiwa na wasiwasi. Ukikaa pembeni, macho yatakufuata pembeni. Kaa nyuma ya kamera kabisa, chini, mikono mapajani. Na hapo mbele yako, chini ya lenzi, mkalishe mtoto mmoja anayependwa na wenzake, kazi yake iwe kuwatazama tu. Wakitaka kuonekana wataonekana naye, na kwa kuwa yuko chini ya lenzi, mtazamaji atadhani anatazamwa yeye. Wanaposema "wale watoto wana macho yanayoongea", mara nyingi nyuma ya kamera kulikuwa na mtoto mwenzao anayekenua.

Niliseme na hili, halina raha lakini lisipokuwepo raha yenyewe inakuwa ya wizi. Masweta yenu yana nembo na jina la shule, linasomeka vizuri kabisa. Mtu yeyote aliyekaa popote duniani anajua watoto hawa 14 wanapatikana wapi kila siku saa mbili asubuhi. Nguo za nyumbani, tafadhali, za rangi rangi, na majina yao kamili yasiwekwe kwenye maelezo ya video. Wazazi waweke sahihi kwenye karatasi inayosema video itawekwa wapi, na kwamba wakibadili mawazo itaondolewa. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sura ya mtoto kwenye video ni taarifa yake. Mzazi akikubali, bado mtoto mwenyewe aulizwe. Yule aliyejificha nyuma ya mwenzake mstari wa kwanza video nzima, mimi namsikia anasema hapana.

Ukiiweka YouTube utaulizwa kama imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Jibu kweli. Swali hilo lilikuja baada ya kampuni hiyo na Google kukubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto, na kuanzia Januari 2020 video za namna hiyo hazina sehemu ya maoni, wala hazipati yale matangazo yanayomfuata mtu kwa tabia zake. Maana yake hela itakuwa kiduchu. Wazazi waliochanga wajue mapema, wasije wakakuuliza mgao.

Mavazi nimesema ya nyumbani, sijasema yaliyochanika. Kuna watu wamegundua kwamba mtoto asiye na viatu anatazamwa zaidi na wafadhili, kwa hiyo wanamvua viatu. Nimewahi kuombwa kufanya hivyo, tena na mtu mstaarabu tu, aliyesema ni kwa faida yao. Nilirudisha hela ya utangulizi. Mtoto akivua viatu mwenyewe kwa sababu anataka kukimbia, hapo nitashuti mpaka betri iishe.

Mwalimu, kabla hujachangisha tena hata shilingi, mpigie simu yule kijana leo hii. Muulize kama ile kadi ya kamera hajaifuta. Akikwambia bado, mwombe faili zima la shoti ile ya dakika ya pili, tangu kiatu kilipovuka mpaka kamera ilipozimwa. Nataka kujua binti yule alifanya nini baada ya kuinama. Kama alikiokota akakitupa, au alikivaa yeye, au walianguka wote wawili kwa kicheko na mstari mzima ukawafuata, basi una kiitikio chako chote pale, kisikatwe hata kidogo, na kiwiko chako kikionekana kiache kionekane. Ila kwanza mwulize huyo mvulana kama anakubali dunia imwone na soksi moja.